Nani Alikuwa Anakuja

Swali lilikuja katika kikao cha tano, chai ikiwa imeshapoa mezani. Ofisa ustawi wa jamii alikuwa ameniuliza mambo ambayo hata siku ya posa hayakuulizwa: mishahara, madeni, mimi na mume wangu tukigombana ni nani huanza kununa na ni nani huanza kusema. Nilijibu yote. Kisha, macho yake yakiwa bado kwenye daftari, akauliza: ulipokuwa mdogo, ukilia usiku, nani alikuwa anakuja?

Nilifungua mdomo, jibu halikutoka.

Nimezaliwa Muheza, nimekulia Pangani kwa shangazi yangu. Nilipelekwa huko nikiwa na miaka minne, na tangu hapo nyumba ya Muheza ikawa mahali pa kwenda sikukuu. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kusimuliwa. Madrasani kwetu watoto tele walikuwa wakiishi kwa bibi, kwa mama mkubwa, kwa mjomba mwenye duka. Mtoto alihama na kifurushi chake cha nguo, majirani wakauliza huyu wa nani, wakajibiwa, basi. Kwa hiyo tulipoamua kuasili mtoto hapa Uingereza nilikwenda na kiburi changu kidogo. Niliona Waingereza wanalikuza jambo ambalo kwetu humalizwa kwa nauli ya basi.

Tulikuwa tumetafuta mtoto kwa miaka saba. Mimba tatu ziliharibika. Hapo nitaishia.

Usiku ule wa swali nilimpigia shangazi simu. Nikamuuliza kwa nini nilipelekwa kwake. Akanyamaza kidogo, nikasikia redio yake nyuma, halafu akasema, "Mambo ya zamani hayo, mwanangu, yana nini leo?" Akaniuliza hali ya baridi. Nikamwachia.

Alipopata habari kwamba tunachukua mtoto, neno lake la kwanza lilikuwa, "Yatima?" Nikasema si yatima. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulieleza kwa simu. England ina watoto zaidi ya 80,000 walio chini ya uangalizi wa halmashauri, na yatima kati yao ni wachache. Wana mama, wana baba, wengine wana bibi wawili. Walitolewa nyumbani kwa sababu ya kipigo, ulevi, dawa za kulevya, maradhi ya akili ya mzazi, au kuachwa tu bila kutunzwa. Wengi hukaa kwa familia za malezi zinazolipwa posho, wengine hupelekwa kwa ndugu, wengine hurudi kwao. Wanaoasiliwa ni kama 3,000 kwa mwaka, nao ni wale ambao mahakama imekwisha kuamua kwamba hawatarudi. Sheria ya mwaka 2002 inamruhusu jaji kupitisha uamuzi huo hata mzazi akikataa, iwapo ustawi wa mtoto unalazimu. Mama wa mwanangu alikataa. Nimeyasoma kwenye jalada, maneno yake yakiwa yamepigwa chapa na mtu mwingine. Nilipolifunga nilikaa jikoni mpaka giza likaingia, sikuwasha taa.

"Unakwenda kwa wale wale?" rafiki yangu aliniuliza. Swali lake nililielewa. Waswahili wa hapa wanawaogopa watu wa ustawi kuliko polisi. Mtoto akianguka akavimba paji la uso, mzazi humwaza mwalimu atakayeuliza kesho kabla ya kuwaza barafu. Na sisi tulikuwa tukiwafungulia mlango wenyewe, tunawaandalia na maandazi.

Kwa mujibu wa taratibu safari ina hatua mbili, ya kwanza miezi miwili na ya pili miezi minne. Yetu ilichukua miezi 11, maana ofisa wa kwanza aliacha kazi na jalada letu likabaki kwenye meza isiyo na mtu. Tulipimwa na daktari, tulichunguzwa polisi, tulitoa wadhamini watatu wa kututolea maelezo. Nyumba ilikaguliwa mpaka kamba za mapazia, kwa kuwa mtoto anaweza kujinyonga nazo. Tuliahidi kutomchapa mtoto kamwe, na hapo mimi na mume wangu hatukutazamana, kila mmoja akikumbuka fimbo yake.

Kozi ilikuwa ya siku nne. Siku ya pili mkufunzi alimketisha mwenzetu mmoja katikati ya chumba awe mtoto. Sisi wengine tukapewa uzi wa sufu wa kushika ncha, upande wa pili umefungwa mkononi mwake: wewe ni mama, wewe ni dada, wewe ni bibi wa jirani, wewe ni mbwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa chekechea. Mkufunzi akaanza kusoma kisa cha mtoto, na kila alipohamishwa nyumba akapita na mkasi, anakata. Uzi wangu ulikatwa wa nne. Kilichonishangaza ni mikono ya yule mwenzetu, mwanamume mzima, fundi wa mabomba: vipande vya sufu vilibaki vimemning'inia, na alikaa navyo hivyo mpaka wakati wa chakula, hakuvifungua.

Mume wangu alikuwa na lake. Uislamu umesifu sana kumlea mtoto asiye na wa kumtazama, lakini umekataza kumpachika nasaba isiyo yake. Zayd bin Haritha, mtoto wa kulelewa wa Mtume, alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad mpaka ziliposhuka aya za Sura ya Al-Ahzab, akarudishiwa jina la baba yake mzazi. Sheria ya Uingereza inakwenda njia nyingine. Amri ya kuasili ikishatoka, mtoto anahesabiwa kuwa amezaliwa na wewe, anakurithi kama wa tumboni, na wazazi wake wa kwanza kisheria hawamo tena. Upo ulezi maalumu, ulioletwa na sheria hiyohiyo ya 2002, ambao humwachia mzazi nafasi yake huku wewe ukilea. Tuliufikiria mwezi mzima. Lakini mtoto tuliyekuwa tukizungumziwa alikwisha kuamriwa na mahakama kwamba awekwe kwa watu wa kumwasili, na kungoja mwingine ilikuwa kumwacha yeye.

Tukashauriana na sheikh, tukapanga ya kwetu ndani ya sheria yao. Jina la mtoto halikuguswa. La ukoo wa mama yake likabaki katikati. Upande wa mirathi tukaandika wasia, ndani ya theluthi, ili siku tukifa asije mtu kutoka Tanga kumhesabia mtoto vijiko. Shangazi, ambaye akili yake hukimbilia mbele, aliniuliza, "Na akibalehe, utajifunika mbele yake?" Maana kwa miaka yake hata kunyonyeshwa kusingeleta umahram, ule undugu unaoondoa kujifunika. Nikamwambia, shangazi, kwanza aje, ale.

Neno lenyewe, kuasili, sikulisikia Pangani. Kule tulisema kulea. Nililikuta ukubwani, kwenye maandishi ya serikali, na lilinikera kwa sababu limebeba asili tumboni mwake, kana kwamba tunakwenda kumpa mtoto asili mpya wakati anayo.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu na miezi minne. Baba yake ni mtu wa Afrika Magharibi ambaye jalada lilimtaja kwa mistari miwili, mama yake Mwingereza. Mtoto mweusi wa kiume akishapita umri wa kubebwa husubiri zaidi kuliko wengine. Sheria ya England iliwahi kuwataka maofisa wazingatie asili, dini na lugha ya mtoto wanapomtafutia wazazi, na mwaka 2014 sharti hilo likaondolewa, kwa hoja kwamba lilikuwa likiwachelewesha watoto kama yeye. Hoja naielewa. Ila nilipomwona mara ya kwanza magoti yake yalikuwa yamepauka kama ubao wa ngalawa iliyoachwa juani, na kichwa kimenyolewa kwa kuwa hapakuwa na aliyejua kuzichana zile nywele. Mlezi wake alikuwa mwanamke mwema, amelea watoto zaidi ya ishirini na kila mmoja ana picha yake ukutani kwenye ngazi. Hakuna aliyemwambia habari za mafuta. Nilimpelekea ya nazi siku ya pili, akaandika jina lake kwenye karatasi ya friji.

Siku za kujuana zilikuwa kumi. Kabla yake tulikuwa tumempelekea albamu ya picha zetu na tembo wa kitambaa tuliyelala naye wiki nzima ili ashike harufu yetu. Siku ya kwanza saa moja tu, ya pili asubuhi yote, kisha kifungua kinywa, kisha kuoga, kisha kumlaza, kisha yeye kuja kwetu. Siku ya mwisho mlezi alinikabidhi shuka na foronya ndani ya mfuko. "Usizifue," akasema. Akarudia. Nilikuwa nimeshazikunja kichwani kwa ajili ya mashine.

Saa ile ya kwanza mtoto aliniita mama. Niliifunga kwenye kitambaa saa hiyo. Nilipiga simu Pangani, nikapiga Dar, nikamwambia kila aliyepokea. Wiki ya kwanza nyumbani akamwita mama mwanamke wa kaunta ya dukani. Ya pili akamwita mama daktari wa meno. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amenipa kitu. Neno hilo kwake lilikuwa la kumtulizia mtu mzima yeyote aliyesimama karibu.

Na alikuwa mpole. Wageni walimsifu. Alikula alichopewa, alivaa alichovikwa, aliumia goti hakutoa sauti. Nami nilijisifu kimoyomoyo, kwa sababu kwetu mtoto mtulivu ni sifa ya mlezi. Kisha nikaanza kukuta mkate. Chini ya mto, ndani ya soksi, nyuma ya radieta umekauka kama kigae. Mara ya tatu nilimkemea. Si kwa sauti kubwa, lakini alikaza mwili wote akafunga macho, akingoja, na ninachokumbuka ni kope zake. Kwenye kozi walikuwa wametuambia haya, na nilikuwa nimeyaandika daftarini kwa mwandiko mzuri. Kesho yake nilinunua kikopo chenye mfuniko, nikaweka ndizi na biskuti, nikamwonyesha rafu yake na kumwambia hiki ni chako, hakitakauka. Alikifungua na kukifunga. Kwa miezi alipita kukihakikisha, bila kula.

Jambo la tatu lilikuwa bomba. Saa nane, saa tisa za usiku nilisikia maji. Nikamkuta bafuni, amesimama kwenye kigoda chake gizani, bomba limefunguliwa, hanawi, hanywi, anasikiliza. Nililifunga nikamrudisha kitandani. Usiku uliofuata vilevile. Jalada lilikuwa na kurasa zaidi ya sabini: uzito wa kuzaliwa, chanjo, tarehe za mahakama, mara ngapi polisi waliitwa. Bomba halikuwamo. Mume wangu alitaja bili ya maji, mara moja, akajuta.

Nikampigia shangazi tena. Safari hii sikuuliza kwa nini nilipelekwa. Nilimweleza tu habari za mtoto, kwamba hasumbui, kwamba halii hata akiumia.

Akakaa kimya. Redio ilizimwa.

"Nawe hukulia," akasema.

"Lini?"

"Ulipokuja. Miezi miwili. Watu wananiambia, umepata mtoto mpole, hana taabu. Mimi naogopa. Mtoto wa miaka minne aondolewe kwa mamake asilie?"

"Ukafanya nini, shangazi?"

"Nitafanya nini? Nikawa naja. Kila usiku naja, nakaa kitandani kwako, umefumbua macho, hunitazami. Nakaa. Usiku mmoja ukalia mpaka alfajiri, ukamwamsha mpaka jirani. Nikasema alhamdulillahi."

Ndipo akanipa na lile lingine, bila kuombwa. Mama alikuwa amejifungua mapacha, wote wawili wakaugua. Shangazi alikuja Muheza kuwatazama, akasema nipe huyu mkubwa, akae kwangu Ramadhani hii. Mwezi mmoja. Pacha mmoja akafariki, mama akapotea akili kwa muda, na mwezi ule haukuisha. Mama alikuwa akija kunitazama, mimi najificha uvunguni. Baadaye akaacha kuja, kwa maana alidhani namchukia.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Mbona hukuuliza?"

Mama yangu alikwisha kufariki wakati huo. Nilikuwa na miaka 41 na nilikuwa nimeishi na jibu langu mwenyewe tangu utotoni, kwamba nilitolewa kwa kuwa kati ya watoto wao mimi ndiye niliyeweza kukosekana. Hakuna aliyenipa jibu hilo. Nililitunga, kwa sababu mtoto asiyeambiwa hutunga, na hutunga lililo baya kwake.

Basi nikawa naja. Sikulifunga bomba tena. Nililipunguza likawa uzi, nikakaa pembeni ya beseni kwenye sakafu ya baridi na kanga mabegani, simgusi. Wiki ya saba biskuti ilivunjika mkononi mwake, mchana kweupe, na alilia saa nzima kwa sauti ambayo sikujua kifua kile kinaweza kuitoa. Mume wangu alishuka ngazi mbio. Nilimwashiria kwa mkono, mwache.

Sheria inataka mtoto awe ameishi nanyi wiki kumi kabla hamjaiomba mahakama amri. Tulingoja zaidi, kwa ushauri. Siku ya sherehe jaji alimwacha akae kwenye kiti chake na kugonga meza. Tulipata cheti kipya, chenye majina yetu mahali pa wazazi, na watu walitupongeza kana kwamba cha kwanza kilikuwa kimekosewa.

Hakikukosewa, na Waingereza wenyewe walijifunza hivyo kwa gharama. Sheria yao ya kwanza ya kuasili ni ya mwaka 1926, na kwa miaka karibu 50 baadaye mtu aliyeasiliwa England aliweza kuzeeka bila njia rahisi ya kujua alitoka kwa nani, siri ikitunzwa kama wema. Ni sheria ya 1975 iliyompa haki, akifika miaka 18, ya kuomba cheti chake cha kwanza. Nilipolisoma hilo niliwaza kwamba Pangani nako tulikuwa na 1926 yetu, isiyoandikwa popote. Tofauti ni kwamba kule kila mtu mtaani alijua isipokuwa mtoto.

Siku hizi halmashauri hutakiwa kumpa mtoto kitabu cha kisa cha maisha yake, kwa maneno anayoyaweza. Cha mwanangu kilipaswa kufika muda mfupi baada ya sherehe. Kilifika baada ya miezi minane na simu nisizozihesabu, kina picha mbili za kweli na dubu wengi wa kuchorwa wenye mapovu ya maneno. Jina la bibi yake lilikuwa na herufi zisizo zake. Kilisema mama yako alikuwa anaumwa. Nilikitazama kwa hasira ya mtu aliyekulia uvunguni. Mtoto akiambiwa mama aliumwa, si atauliza mbona hakupona? Na mimi nikipata homa je?

Tukakiandika upya, mimi na mume wangu, kwa usiku mwingi. Mama yako alikuzaa. Alikupa jina hili. Alishindwa kukulinda na watu waliokuwa wakiingia nyumbani, na dawa alizokuwa akitumia zilimfanya asahau kukupa chakula. Si wewe uliyeharibu kitu. Jaji alisikiliza watu wengi. Mama yako alisema hataki uondoke. Sentensi hiyo ya mwisho tuliibishania. Mume wangu aliogopa itamrudisha nyuma mtoto. Mimi nilisema hiyo ndiyo atakayoihitaji kuliko zote. Tuliiweka.

Tunakisoma anapotaka, wakati mwingine kila siku, halafu kinakaa miezi. Kina picha ya kivuko cha mto Pangani pia, kwa sababu aliuliza na mimi nililelewa na nani.

Mara moja kwa mwaka tunaandika barua kwa mama yake. Inapita ofisini, haina anwani wala jina la ukoo, na kuna mtu anayeisoma kabla ya kuipeleka. Mwaka wa kwanza hakukuwa na jibu. Wa pili vivyo hivyo, na ofisa akasema kwa upole kwamba wengi hawajibu. Katika barua ya tatu niliacha yale ya kuandikiwa ripoti ya shule, nikaandika kuhusu bomba. Nilieleza anavyosimama, na kwamba hatumzuii.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, nusu ukurasa, mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Aliandika kwamba mtoto alipokuwa mchanga alikuwa akilia usiku na majirani wakigonga ukuta. Yeye hakuwa na wa kumsaidia. Siku moja aliingia naye bafuni, akafungua bomba, mtoto akanyamaza. Tangu hapo kila usiku alimchukua, wakakaa wote sakafuni, maji yanatiririka. Aliuliza kama tembo bado yupo. Tembo tunayemjua ni wetu, kwa hiyo lazima yupo mwingine aliyepotea njiani, na huyo nimeandika kumuuliza rangi yake.

Nilimsomea barua asubuhi, akinywa uji. Ana miaka saba sasa, hapendi kusomewa, alikuwa akichora kwa kijiko. Nilipofika kwenye bomba akaacha.

"Nilikuwa nalia?"

"Ulikuwa unalia sana, usiku."

"Na yeye alikuwa anakuja?"

"Alikuwa anakuja."

Alifikiri. Kisha akaomba sukari, nikamkumbusha kwamba ameshaweka, akaweka tena.